Diski Iliyomuua Mama Kalekye

Mnanipigia simu, vijana, mnaniuliza swali moja tu: "Mzee Muthama, ninunue fidla gani?" Hamniulizi habari ya magoti yangu, wala ya mbuzi, wala kama mvua imenyesha huku Kitui. Fidla! Na mkisema fidla hamna maana ya ile ala yenyewe ya mbao, inayowekwa kidevuni na kusuguliwa kwa upinde. Hiyo hamjawahi kuigusa. Mimi mwenyewe, niseme ukweli wa Mungu, nimeigusa mara mbili. Mnasema zile sauti zilizorekodiwa noti moja moja huko mbali, zikafungwa pamoja, ili wewe ukae chumbani na kaptura, ubonyeze kinanda kwa kidole kimoja, na watu sitini wakupigie nyuma ya filamu fupi ya dawa ya kunguni.

Haya. Kazi hiyo niliifanya kabla hamjazaliwa. Nilikuwa mtu wa sauti na muziki katika ofisi moja ya filamu za mafunzo, mjini Kitui. Tulitengeneza filamu za matuta, za chanjo, za vyoo, na moja ndefu sana ya kuzuia mbuzi wasile miche, ambayo mbuzi waliigiza vizuri kuliko watu. Gari letu la sinema lilizunguka Kitui yote, likashuka hadi Makueni. Sasa nimestaafu, hakuna wa kunifuta kazi, na nimeshiba. Kaeni niwaambie habari ya diski moja ya fidla iliyomuua mwanamke mzima mwenye afya yake, huku ana jiwe mkononi anajenga ukuta.

Lakini kwanza mjue tulikotoka. Miaka ya sabini ofisi nzima ilikuwa na santuri moja tu ya fidla, mali ya padri aliyerudi kwao akaisahau. Santuri hiyo moja ilibeba kila kitu. Mkulima akipanda, fidla. Mtoto akichomwa sindano, fidla. Choo kikichimbwa, fidla zinapanda pole pole hadi shimo lifike futi ishirini. Ilikuwa na mkwaruzo mahali, ikifika hapo inasema "tak!" Watu wa Mwingi waliuzoea mkwaruzo wetu, wakawa wanaungoja na kupiga makofi ukifika. Mkubwa wetu akaandika katika ripoti kwamba filamu ya vyoo imepokewa kwa shangwe.

Basi mwanzoni mwa miaka ya tisini wafadhili wakatuletea kinanda cha umeme chenye mdomo wa kula diski. Diski zenyewe ni zile nyembamba za mraba, za plastiki, ambazo watoto wenu wakiziona leo wanauliza kama ni biskuti. Zilikuwa kumi, kila moja na fidla za namna yake. Ukiingiza diski, mashine inakoroma, wewe unatoka kununua chapati, unarudi, bado inakoroma. Na ilibeba diski moja tu kwa wakati. Ukitaka nyingine, ile ya kwanza inatapikwa yote. Kwa hiyo ulichagua kabla ya kucheza, ukafikiri sana kabla ya kuchagua. Nyinyi mna fidla elfu kwenye laptop na mnashinda asubuhi mnazijaribu moja baada ya nyingine mkitikisa kichwa, jioni hamjaandika hata noti tatu. Aibu gani hii?

Wiki ya kwanza niliua diski mbili. Nilizipanga vizuri juu ya spika kubwa ya studio, kwa heshima, zisiguswe na vumbi. Asubuhi mashine ikazikataa. Nikazifuta kwa shati, nikazipulizia, nikaziombea. Mwishowe nikazibeba hadi sokoni kwa Fundi Salim.

Huyu Salim alikuwa fundi wa redio, mzaliwa wa Kitui mjini, lakini babu yake alikuja kutoka pwani na biashara ya nguo. Ami yake alipiga fidla ya kweli katika harusi za Mombasa, na Salim utotoni alikaa karibu na upinde ule kiasi cha kukwaruzwa sikio. Salim ndiye aliyenifundisha kazi, na hakulipwa hata shilingi. Malipo yake yalikuwa kunicheka.

"Uliziweka wapi?" akaniuliza.

"Juu ya spika, Mzee."

"Juu ya spika! Muthama, wewe una akili timamu? Ndani ya spika mna sumaku. Umeziosha zote, hata jina lake hazijui tena." Akaangua kicheko mpaka wateja wakatoka duka la jirani kuja kuona. Tangu siku hiyo diski nane zilizobaki zililala ndani ya mkebe wa biskuti uliofungwa kwa kitambaa, na mkebe ukalala mbali na kila kitu.

Siku nyingine nikambeba Salim hadi studio, asikie hazina yetu. Nikakaa kwenye kinanda, nikatandaza vidole vyote kumi, nikapiga. Akavumilia kidogo, halafu akauliza, "Una watu wangapi humo?"

"Sitini, Mzee. Imeandikwa kwenye kijitabu."

"Na kila mmoja ana mikono mingapi? Fidla haipigwi kama piano, mwanangu. Mtu mmoja, upinde mmoja, noti moja. Toa vidole vinane, tafadhali, watu wanakanyagana."

Nikatoa vidole vinane. Ikawa nzuri ghafla, nikaona haya.

Akanionyesha mengine. Chukua penseli, akaniambia, uchomeke kwenye kitufe kimoja cha kinanda kibaki chini, halafu usikilize hadi chai ipoe. Kila sauti iliyorekodiwa ina mwisho, na waliofunga diski wameunganisha mwisho na mwanzo ili isikatike. Kama kiungo hicho kimefungwa ovyo, utasikia inachechemea, tii-tii-tii. Diski hiyo usiitumie kwa noti ndefu hata kama jina lake linapendeza. Halafu panda noti moja moja hadi juu. Wavivu hurekodi noti chache na kuzivuta, basi ukifika juu wazee wa fidla wanakuwa watoto wenye mafua. Halafu sikiliza mwanzo wa noti. Fidla nyingine zinaingia pole pole kama mgeni anayebisha hodi. Ukizipa wimbo wa haraka zitachelewa kila mara, nawe utamlaumu mpiga ngoma bure.

Na kubwa kuliko yote, alisema, sikiliza kwa spika ile ile watakayosikia watu. Studio yetu ilikuwa na spika tamu. Gari la sinema lilikuwa na honi mbili za bati. Mambo yaliyonitoa machozi studioni, kwenye honi yalikuwa nyuki ndani ya debe. Ilinibidi niondoe zile sauti nzito za chini, ambazo honi haiwezi, na nipunguze za katikati, kwa sababu humo ndimo anamokaa mtu anayezungumza. Mkisahau yote, shikeni hilo: mtu akisema, fidla ikae kando.

Tukafika diski ya saba. Kwenye karatasi yake iliandikwa kwa Kiingereza kwamba ni fidla nyingi, za taratibu, za hisia. Nikabonyeza noti mbili tu. Salim akavua kofia.

"Inna lillahi. Nani kafa?"

Hakuwa anatania, au alikuwa anatania nusu. Nyinyi vijana mnapata habari za vifo kwenye simu, na picha na mishumaa inayowakawaka. Sisi tulizipata redioni. Saa ya matangazo ya vifo ikifika, kwanza unasikia muziki wa taratibu, nyuzi zinavutwa pole pole. Hapo duka zima linanyamaza. Anayepima sukari anaacha kupima. Kofia zinavuliwa. Mnangoja jina: leo ni wa kwenu au wa jirani? Kwa mtu wa Ukambani miaka hiyo, sauti ile haikuwa huzuni tu. Ilikuwa taarifa. Diski ya saba ilikuwa sauti ile ile, tena bora zaidi. Salim akaibatiza Marehemu, na jina likashika.

"Hii uifungie," akasema. "Usiipige juu ya mtu anayepumua."

Nilimwitikia. Lakini nilikuwa nimeshaipenda, hilo ndilo kosa langu. Kila mtu alipotoka kwenda chakula cha mchana, nilibaki studio peke yangu na Marehemu, nikifumba macho na kuyumbisha kichwa. Mkinicheka ni haki yenu.

Sasa tuje kwa Mama Kalekye.

Karibu na Mutomo palikuwa na kundi la wanawake, mwethya kama tunavyoita kazi ya kusaidiana, lililokuwa likijenga ukuta wa kukinga mto. Mito ya kule ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Ukijenga ukuta imara kati ya kingo mbili, mafuriko yanaleta mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanajificha ndani ya mchanga. Ukichimba kidogo kiangazi, unachota. Wanawake wale walitembea tangu alfajiri hadi jua kali kwa mtungi mmoja. Mawe walikuwa wamekusanya wenyewe, mlima mzima, kwa migongo yao. Mchanga ulikuwepo bure. Kilichokosekana ni saruji. Na mvua ya Novemba ikija kabla ukuta haujakamilika, mto ungebeba kila jiwe waliloweka. Filamu yetu ilikuwa ya kuwaombea saruji hiyo kwa wafadhili. Ilikuwa filamu ya kwanza katika maisha yangu ambayo ikikosea, mtu anakosa maji.

Kalekye alikuwa mwenyekiti wao, mjane wa kama miaka sitini, mfupi, mwenye sauti ya kuita mbuzi ng'ambo ya bonde. Na alicheka! Alicheka akibeba jiwe, alicheka akilitua, alicheka mwenzake akilitua kwenye kidole.

Hilo lilimsumbua sana mwongozaji wetu. Alikuwa amesomea filamu ng'ambo, na sisi ofisini tulimwita Bwana Machozi, kwa siri. Aliamini mfadhili hafungui mkono mpaka afungue leso. Siku mbili alimfuata yule mama na kamera. "Mama, tafadhali, fikiria shida zako."

"Nimezifikiria asubuhi," Kalekye akajibu. "Sasa nafanya kazi."

Siku ya tatu upepo ukavuma, vumbi likamwingia jichoni. Akafikicha jicho, chozi likatoka. Bwana Machozi karibu aanguke kutoka kwenye jiwe kwa furaha. Picha hiyo ya vumbi ndiyo iliyokuwa mwisho wa filamu. Aliipunguza mwendo, akaisimamisha uso ukiwa umejaa kioo chote, tuli kabisa, halafu ikafifia hadi nyeusi.

"Hapa," akaniambia, "nataka fidla zilie."

Nikamwambia habari ya redio. Nikamweleza Salim alivyosema. Akanitazama kwa huruma, akasema mimi ni fundi mzuri lakini sanaa ni jambo jingine. Ningeweza kubisha. Nilikuwa mtu mzima wa kazi, na neno langu lilikuwa na uzito studioni. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaisikia Marehemu juu ya uso ule, na nilijua itakuwa tamu ajabu. Basi nikabisha kwa mdomo tu, kisha nikaenda mbio kufungua mkebe.

Nikapiga vizuri, vijana. Vidole viwili tu, kama nilivyofundishwa. Noti inaingia pole pole, inavimba, inashuka. Bwana Machozi alilia. Mimi nililia. Karani aliyeleta barua akalia na hakujua filamu inahusu nini.

Kabla ya kuituma kwa wafadhili, mkubwa wa ofisi akasema tuijaribu kwa watu. Dereva na mimi tukaipeleka Emali, siku ya soko, mchana. Tukapewa ghala la nafaka, tukaziba madirisha kwa magunia, watu wakajaa: wachuuzi, madereva wa malori, wanawake na vikapu vyao. Mwanzo ulikwenda vizuri. Walicheka Kalekye alipocheka. Walijadili mawe kwa sauti, mmoja akasema ukuta umepinda upande wa kushoto, na kweli ulikuwa umepinda.

Halafu picha ya mwisho. Uso ukasimama. Marehemu ikaanza.

Ghala likanyamaza, kelele zikakatika kama uzi. Nikaona kofia zikivuliwa, moja, tano, zote. Madereva wa malori wakasimama wima, mikono pembeni. Nikajua tumekwisha. Uso ukafifia ukawa giza, fidla zikafa pole pole, na watu wakaendelea kusimama. Wakangoja. Dereva wangu akaninong'oneza, "Wanangoja nini?"

"Siku ya mazishi," nikamjibu.

Hapo ndipo sauti ya mwanamke ikapasua ghala. "Woi! Dada yangu! Woi, Kalekye!"

Sikujua, wala hakuna aliyejua, kwamba mwenye kibanda cha chakula pale Emali, Syombua, mpishi wa madereva wote wa barabara ile, ni mdogo wake Kalekye, tumbo moja. Wanawake wakamshika. Kilio kikasambaa. Nikaruka juu ya gunia la mahindi, nikapiga kelele, "Yuko hai! Mama Kalekye yuko hai!"

Syombua akaniinulia uso wenye machozi. "Wewe unajuaje? Ulimwona lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Si unaona? Amekufa baada ya hapo!"

 Nikasema filamu tumeitengeneza sisi, tungejua. Mzee mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, kama tulijua yuko hai kwa nini tukampigia muziki wa vifo. Nikasema ni kwa ajili ya hisia. Akanitazama hivi, kisha akavaa kofia yake akaondoka.

Kesho yake asubuhi Syombua na watu kumi na mmoja walipanda lori, na sukari, na unga, na blanketi jipya, na mbuzi wa matanga. Lori likashuka barabara ya Mombasa hadi Kibwezi, likakata kuingia Kitui. Sisi na gari la sinema tuliwafuata nyuma, tukila vumbi lao. Dereva alijaribu kuwasha redio, nikamwambia azime.

Tuliwakuta wanawake mtoni, kwenye mchanga, wanapanga mawe. Kalekye alisikia kilio kabla hatujaonekana. Akasimama, akajifuta mikono, akaja mbio na uso wa hofu, kwa sababu watu wanaolia njiani hawaji bure.

"Asi! Nani amekufa?"

Syombua akakaa chini pale pale. "Wewe," akasema.

Mnangoja niseme kwamba alicheka. Hakucheka. Alimwangalia mdogo wake aliyevimba macho, aliyetapika njia nzima kwa kilio, akamwinua, akamshika muda mrefu. Halafu akanigeukia mimi. Nilitamani mchanga ule unimeze.

"Wewe mtu wa kinanda. Ulimfanya mtoto wa mama yangu alie siku mbili?"

"Ni mimi, Mama. Nilionywa, nikafanya."

"Kwa nini?"

Vijana, nilitafuta jibu la fundi, sikulipata. "Nilipenda jinsi ilivyosikika," nikasema. Hadi leo hakuna jibu lililowahi kuniaibisha zaidi.

 Mbuzi wa matanga akalia. Ndipo Kalekye akasema kwamba kwa kuwa watu wa mazishi wameshafika na hakuna mazishi, wabebe mawe. Na walibeba, wote kumi na mmoja, na dereva wa lori, na mimi. Bwana Machozi alipofika jioni kututafuta naye alipewa jiwe, na viatu vyake vizuri.

Nikaahidi kutengeneza upya. Nilitoa fidla zote kwenye ule uso. Badala yake nikaacha mlio wa nyundo na mawe, na kicheko chake, kisha maji yanapotajwa, nikaingiza diski ya fidla nne tu, zinazodonolewa kwa kidole badala ya kusuguliwa. Nyepesi, zenye mguu wa kutembea. Salim alisikiliza hadi mwisho bila kunicheka, na hiyo kwake ilikuwa medali.

Lakini Bwana Machozi akaja juu. Kopi hiyo ni ya sokoni, akasema. Mfadhili akimwona mama anacheka atasema hana shida. Tukabishana hadi tukapeleka kesi kwa mwenyewe. Kalekye akatusikiliza, mikono kiunoni.

"Ile ya vilio ndiyo italeta saruji?"

"Ndiyo, Mama," akasema Bwana Machozi.

"Una hakika?"

"Kabisa."

"Basi niueni huko kwao," akasema Kalekye. "Hapa nyumbani niacheni hai."

Ndivyo ilivyokuwa. Kopi mbili. Kwetu aliishi, ng'ambo alikufa kila mara filamu ilipoonyeshwa. Na inaniuma kukiri kwamba Bwana Machozi alijua watu wake. Saruji ikaja, nusu. Nusu nyingine, barua ikasema, itakuja baada ya wafadhili kufika wenyewe na kuona kazi.

Oktoba wakaja, watu watano, wekundu kwa jua. Ukuta ulikuwa umefika kiunoni. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa mashariki kila alasiri, na wanawake waliyatazama kuliko walivyowatazama wageni. Kiongozi wa wageni, mama mmoja mwenye mvi, akahutubia kwa sauti inayotetemeka, Bwana Machozi akitafsiri. Halafu wakashusha garini kitu kizito kilichofunikwa kitambaa. Kilikuwa jiwe la kuchongwa, jeusi, linalong'aa. Wakalifunua. Waliomba liandikwe kwa Kiswahili, ili wenyeji wasome.

Kalekye alikuwa amesoma gumbaru, darasa la watu wazima, na hakuacha nafasi ya kusoma impite. Akasogea, akaweka kidole juu ya herufi, akaanza kwa sauti, silabi moja moja.

"Kwa ku-mbu-ku-mbu ya Ka-le-kye." Akasimama. "Ma-ma wa ma-ji. Pu-mzi-ka kwa a-ma-ni."

Tafsiri ya Bwana Machozi ilikauka mdomoni. Nao wazungu walikuwa wameelewa! Hawana redio yetu, hawana saa yetu ya matangazo, lakini uso uliosimama, giza, na diski yangu viliwaambia jambo lile lile lililowaambia madereva wa Emali. Walikuwa wamemlilia na kumchongea jiwe.

Kalekye akawageukia wenzake. "Nipumzike? Na ukuta umefika kiunoni?"

Wanawake wakavunjika mbavu. Yule mama mwenye mvi akauliza wanacheka nini, na huyu anayefanana na yule wa filamu ni nani. Hakuna aliyetaka kutafsiri. Bwana Machozi alikuwa anatazama mawingu kana kwamba ni mara ya kwanza kuyaona. Nikaona saruji yote iliyobaki inageuza gari inarudi Nairobi. Nikatoka mbele.

"Ndiye Kalekye," nikasema kwa Kiingereza changu cha redio. "Hakufa. Hakuna aliyewaandikia kwamba amekufa, tafuteni barua zote. Ni muziki uliosema hivyo, na muziki ni wangu. Wao hawana kosa."

Mama yule akaniangalia mimi, akamwangalia Kalekye, akawa mwekundu zaidi. Akasema kitu kifupi. Mwenzake mmoja akakunja daftari. 

Kalekye akanivuta shati. "Anasema nini?"

"Anasema walilia. Anauliza walilia bure?"

Kalekye akaenda akamshika mkono, mkono wenye saruji iliyokauka kwenye kucha, akamwambia kwa Kikamba, taratibu, nami nikatafsiri. "Mwambie sikumjua, naye alinililia. Mume wangu alililiwa hakusikia. Mama yangu hakusikia. Mimi nimesikia nikiwa nimesimama. Mwambie asante. Halafu mwambie mvua haijui kama niko hai au nimekufa, inakuja."

Yule mama alitafuta leso. Hapakuwa na fidla popote. Palikuwa na upepo tu na mbuzi wa watu. Alipomaliza kujifuta alikubali kwa kichwa mara mbili, na yule mwenzake akalifungua daftari tena.

Lori la saruji lilifika baada ya siku sita. Nilikwenda mimi mwenyewe kubeba mawe, bila kinanda. Siku ya mwisho tulifanya kazi na manyunyu yameshaanza, matone makubwa yanachimba mchanga, na pale juu katikati ya ukuta pakabaki pengo, na mawe makubwa yamekwisha. Watu wakatazamana. Kalekye akatembea hadi kwenye kivuli lilipoegemezwa lile jiwe jeusi, akalikumbatia, akatuita tumsaidie. Bwana Machozi akasema, jamani, hilo ni la kumbukumbu.

Kalekye akalitumbukiza kwenye pengo, maandishi yakiangalia juu. Akachota saruji kwa kiganja, akalipaka hadi jina lake likafunikwa lote, akalipiga makofi mawili likae.

"Haya," akasema, "nipeni jingine."